Amitriptilini ya kipandauso, fluoksetini ya sonona, tramadoli ya mgongo: zinakaa pamoja?

Swali: Mfamasia, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Mwanza. Tangu mwaka jana nameza amitriptilini miligramu 25 kila usiku kwa ajili ya kipandauso. Wiki tatu zilizopita kliniki nyingine waliniambia nina sonona, wakaniandikia fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi. Mgongo ukinisumbua nameza tramadoli alizobakiza mdogo wangu baada ya kujifungua kwa upasuaji. Wiki hii mikono inatetemeka, usiku natoka jasho hadi shuka linalowa, na moyo unakwenda mbio. Shemeji anasema ni malaria, ninywe mseto. Mume wangu anasema niache dawa zote za akili. Nimsikilize nani?

Jibu: Pole sana, dada. Kwa leo usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Tramadoli iache kuanzia sasa, hata mgongo ukiuma. Kabla ya kumeza amitriptilini ya usiku wa leo, mpigie au mwendee aliyekuandikia fluoksetini umweleze haya uliyoniandikia. Ukimkosa, nenda hospitali yoyote yenye daktari wa zamu, ukiwa na pakiti zote tatu mkononi. Na kama homa imepanda, miguu inakakamaa au kurukaruka yenyewe, unachanganyikiwa, umezimia au umepata degedege, hapo usipige simu wala usisubiri kukuche. Nenda hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure usiku huo huo, na mtu akusindikize.

Nasema tramadoli uiache kwa sababu umeandika kwamba unaimeza mgongo ukisumbua tu. Anayeimeza kila siku kwa miezi asiikate ghafla. Huyo apunguziwe na daktari taratibu.

Sasa tuzungumze kwa nafasi, maana jambo lako si la peke yako.

Dawa zako zote tatu ni dawa nzuri, kila moja mahali pake. Amitriptilini miligramu 25 usiku kwa kipandauso ni dozi ya kawaida kabisa, na fluoksetini miligramu 20 ndiyo dozi ambayo karibu kila mtu mzima huanzia. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeziona zote kwa pamoja. Kliniki ya kwanza ilitibu kichwa, ya pili ikatibu moyo mzito, na tramadoli hakuiandika mtu, ilitoka kwenye droo ya mdogo wako. Na wewe ukiulizwa, “Kuna dawa nyingine ya sonona unayotumia?” utajibu hapana, tena kwa ukweli wako wote, kwa kuwa ya kwako ni ya kichwa. Kumbe amitriptilini iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikiwa dawa ya sonona, na hadi leo kwa dozi kubwa ndiyo kazi yake. Matumizi ya kipandauso, ganzi za kisukari na maumivu ya mishipa ya fahamu yalikuja baadaye. Kwa wiki tatu umekuwa ukimeza dawa mbili za sonona. Ndiyo maana mimi dirishani siulizi “unaumwa nini kingine”, naomba mtu amwage mfuko mezani.

Kwa nini ulikuwa salama wiki ya kwanza na mambo yakaharibika sasa? Jibu liko kwenye ini. Amitriptilini haitoki mwilini hadi ini liivunje, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Fluoksetini hukizuia kimeng'enya hicho, tena kwa nguvu kuliko dawa nyingi za kundi lake. Ichukulie kama kivuko cha Kamanga siku pantoni moja imeharibika: magari hayajaongezeka, lakini foleni inarudi hadi mjini. Kila usiku unameza kidonge kile kile cha 25, ila cha jana na cha juzi bado hakijavuka. Kiasi cha dawa za jamii ya amitriptilini kwenye damu kinaweza kupanda mara mbili hadi nne, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwili wako huenda sasa unaishi na kiwango cha mtu anayemeza 75 au 100, na pakiti haijabadilika hata herufi.

Hili huchukua muda kwa sababu fluoksetini yenyewe hujikusanya polepole. Nusu yake huchukua siku kadhaa kutoka mwilini, na kile ini linachoigeuza kuwa, ambacho nacho kinafanya kazi, huweza kukaa wiki moja hadi mbili kabla nusu haijatoka. Kwa hiyo wiki ya tatu viwango bado vinapanda kuelekea kileleni. Mtu hukumbuka kidonge alichokianza juzi, hakumbuki cha wiki tatu. Niongeze kidogo tu kwamba watu hawalingani: huku kwetu Afrika aina ya CYP2D6 inayofanya kazi kivivu ni ya kawaida, wakati Ethiopia kuna wengi ambao chao kinakimbia kupita kiasi. Ndiyo sababu jirani yako anaweza kumeza mchanganyiko huu huu mwaka mzima akakuambia hauna neno.

Dalili zako nimezisoma mara mbili. Amitriptilini ikizidi, mtu hukauka: mdomo mkavu, ngozi kavu na ya moto, choo kinafunga, mkojo unagoma, macho hayasomi herufi za karibu, moyo unakimbia, na wazee huanza kuongea na watu wasiokuwepo. Serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa kama fluoksetini huiongeza, ikizidi, mtu hulowa: jasho, kuharisha, kutetemeka, kutotulia, mboni za macho kupanuka, na misuli ya miguu kuwa myepesi kushtuka kuliko ya mikono. Daktari akikunja wayo wako juu kwa ghafla, kifundo kinaweza kuanza kudunda chenyewe. Hiyo ni alama kubwa, nayo imo kwenye vigezo vya Hunter vya mwaka 2003 ambavyo madaktari wengi hutumia kutambua hali hii. Wewe unalowa na kutetemeka. Mimi nipo mbali na siwezi kukupima, lakini ningekuwa daktari wako wa zamu ningeanza na serotonini, kisha ningeuangalia moyo kwa sababu ya amitriptilini. Vyote viwili vinaweza kuwepo kwa pamoja.

Hapo ndipo tramadoli inapoingia, na ndiyo inayonitisha zaidi katika barua yako. Watu huihesabu kuwa Panadol yenye nguvu. Tramadoli ina sura mbili. Ikiwa nzima, kama ilivyomezwa, huongeza serotonini, yaani inafanya kazi iliyo karibu na ya fluoksetini. Maumivu inayatuliza hasa baada ya ini kuigeuza, na anayeigeuza ni yule yule CYP2D6 aliyefungwa mikono. Matokeo yake ni mabaya pande zote mbili: maumivu hayatulii vizuri, na ile sehemu ya serotonini inabaki juu. Mgonjwa anasema, “Hiki kidonge kimoja hakijanifaa,” anaongeza cha pili. Juu ya hayo, tramadoli inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani, na hatari hiyo hupanda anapotumia dawa za sonona, amitriptilini ikiwa mojawapo. Ukienda dukani wakakuuzia tramadoli bila kukuuliza chochote, rudisha.

Kuhusu shemeji na malaria yake. Simlaumu, huku kwetu jasho, kutetemeka na joto la mwili likipanda, mawazo ya kwanza ni mbu. Lakini pima kwanza, kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Nasisitiza kwa sababu dawa mseto ya artemetha na lumefantrini si maji. Lumefantrini nayo huzuia CYP2D6, na mtengenezaji mwenyewe anaonya isichanganywe kiholela na amitriptilini wala na dawa zinazorefusha mapigo ya umeme wa moyo. Ukiwa na malaria ya kweli utatibiwa, usiogope, malaria inaua na lazima itibiwe, ila daktari ajue unachomeza ili achague na akuangalie. Ukinywa mseto bila malaria utakuwa umeongeza dawa ya nne juu ya tatu, na siku mbili zimepotea.

Joto la serotonini nalo lina tabia yake. Hutokana na misuli kufanya kazi bila kupumzika, kwa hiyo parasetamoli hailishushi. Hospitali huondoa dawa zilizosababisha, humpoza mgonjwa, humpa maji ya mshipa na mara nyingi diazepamu ya kulegeza misuli. Wengi wenye hali nyepesi hupata nafuu ndani ya siku moja dawa zikiondolewa, ingawa kwako fluoksetini itachelewa kutoka. Kwa hali kubwa zaidi hutumika pia siproheptadini, ambayo huzuia serotonini. Jina hilo wadada wengi wanalijua kwa sababu nyingine: ndiyo iliyomo kwenye vidonge na sharubati nyingi za hamu ya kula, zinazouzwa kama dawa za kunenepa. Usijitibu nayo nyumbani. Na kama kuna msomaji anayemeza vidonge vya kunenepa pamoja na fluoksetini halafu analalamika sonona imerudi, aitaje siproheptadini hiyo kwa daktari wake, kwa sababu inaweza kuipokonya fluoksetini nguvu.

Mchanganyiko unaojulikana kuliko yote duniani ulitokea New York mwaka 1984. Binti wa miaka 18, Libby Zion, alikuwa akitumia fenelzini, dawa ya sonona ya kundi la zamani linalozuia MAO, kimeng'enya kinachovunja serotonini. Alifika hospitali ana homa na mwili unarukaruka, akachomwa pethidini, sindano ya maumivu makali, na kabla ya kesho yake kuisha alikuwa amekufa. Mahakama zilibishana kwa miaka kuhusu sababu, lakini fenelzini na pethidini ndizo zinazotajwa zaidi. Jimbo hilo likaweka sheria ya kupunguza saa za kazi za madaktari wanaofunzwa, na hadi leo inajulikana kwa jina lake. Fenelzini kwetu ni adimu mno, unaweza kufanya kazi famasia miaka mingi usiione. Pethidini tunayo, akina mama huijua leba. Tena kuna dawa mbili zenye tabia ya kuzuia MAO ambazo mtu hazidhanii: linezolidi, inayotumika kwa TB sugu, na methilini ya buluu, inayochomwa kwa baadhi ya sumu za damu. Anayetibiwa TB sugu huku anatumia dawa ya sonona, hakikisha pande zote mbili zinajuana. Na ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, ambako dawa za kundi hilo bado huandikwa, kumbukeni: kutoka fenelzini kwenda dawa nyingine ya sonona husubiriwa siku 14, na kutoka fluoksetini kwenda fenelzini husubiriwa si chini ya wiki tano.

Nyumbani kwako angalia pia chupa za kikohozi. Tafuta neno dextromethorphan kwenye karatasi ya chupa, dawa ya kikohozi ambayo nayo huongeza serotonini. Ukilikuta, iweke pembeni hadi utakapoonwa. Na angalia usimeze dawa moja kwa majina mawili. Nimewahi kupokea mfuko wenye Cipralex na sitalopramu, mwenyewe akiamini moja ni ya hofu na nyingine ya usingizi. Cipralex ni esitalopramu, pacha wa sitalopramu, zote dawa za sonona za kundi la fluoksetini. Sitalopramu ikizidi huathiri umeme wa moyo, na ndiyo sababu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka ukomo wa miligramu 40 kwa siku, kisha mwaka uliofuata ikasema 20 kwa waliopita miaka 60.

Najua swali linalofuata: kama tramadoli hapana, mgongo utatulizwa na nini? Jibu la haraka la mtaani ni diklofenaki. Ngoja kidogo. Fluoksetini na ndugu zake hupunguza serotonini iliyomo kwenye chembe za damu zinazosaidia kugandisha, na diklofenaki au ibuprofeni hukwaruza tumbo. Zikiwa pamoja, hatari ya kutoka damu tumboni hupanda kuliko kila moja ikiwa peke yake, hasa kwa mwenye historia ya vidonda vya tumbo. Choo cheusi kama lami ni dharura. Kwa sasa tumia parasetamoli kwa dozi ya kwenye pakiti, weka kitu cha moto mgongoni, na mgongo wenyewe uchunguzwe, maana maumivu yanayorudi rudi hayatakiwi kuishi kwa dawa za kuazima.

Wazee wana mtego wa kwao: dawa za kundi la fluoksetini zinaweza kushusha chumvi ya damu, sodiamu, na wengi wao wanatumia haidroklorothiazaidi ya presha, ambayo nayo huishusha. Bibi akianza kuchanganyikiwa au kuanguka wiki chache baada ya kuanza dawa ya sonona, msiseme ni uzee. Apimwe damu.

Turudi kwa mume wako. Kuacha dawa zote za akili kwa mkupuo ni wazo la upendo, lakini si dawa. Sonona yako ipo, ilikupeleka kliniki, na haitaondoka kwa sababu pakiti zimetupwa. Amitriptilini ikikatwa ghafla baada ya mwaka, wengine hupata kichefuchefu, usingizi kukatika na kichwa kuuma upya. Huenda daktari mwenyewe akaamua usimamishe moja au zote mbili kwa muda, na akisema hivyo, fuata. Tofauti ni kwamba yeye atakuwa amekupima mapigo, joto, na ikiwezekana umeme wa moyo, kile kipimo cha kubandikwa waya kifuani.

Je, dawa mbili za sonona kwa pamoja ni kosa siku zote? Hapana. Daktari wa afya ya akili anaweza kuongeza mirtazapini juu ya sertralini kwa mtu ambaye moja haikumtosha, na amitriptilini kidogo ya maumivu hukaa na dawa nyingine ya sonona kwa wagonjwa wengi wanaofuatiliwa. Lakini mimi ni mgumu kwenye hili, na nina sababu. Utafiti wa Marekani ulioitwa CO-MED, uliochapishwa mwaka 2011 na kuwahusisha watu 665, uliwaanzishia wengine dawa mbili tangu siku ya kwanza na wengine moja. Walioanza na mbili hawakupona zaidi. Uingereza nako, utafiti wa MIR wa mwaka 2018 uliongeza mirtazapini kwa watu ambao dawa ya kwanza haikuwafaa, na nafuu ya ziada haikuwa ya kuonekana kwa mgonjwa, huku madhara yakiongezeka. Uchambuzi wa baadaye wa tafiti nyingi umeitetea zaidi mirtazapini ikiunganishwa, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Ninachokataa ni mchanganyiko usio na mwenyewe, ule unaotokea tu kwa sababu kliniki mbili hazikuongea.

Ukifika kwa daktari, kuna njia kadhaa za kuzungumza naye. Mojawapo ni kubaki na fluoksetini na kutafuta kinga nyingine ya kipandauso. Propranololi hutumika sana, ila haimfai mwenye pumu, na nayo huguswa kidogo na fluoksetini. Nyingine ni kubaki na amitriptilini na kubadilisha ya sonona kwenda sertralini kwa dozi ndogo, ambayo haikizuii sana CYP2D6, ingawa serotonini bado itaangaliwa. Ya tatu, ninayoipenda kwa mtu mwenye magonjwa haya mawili, ni dawa moja itakayobeba yote: amitriptilini peke yake ikipandishwa taratibu, au venlafaksini ikipatikana na presha ikiwa sawa. Uamuzi ni wenu wawili mkiwa mmekaa na vipimo mezani.

Hukuniuliza hili, ila nalisema kwa kila ninayemhudumia. Wiki za mwanzo za dawa ya sonona, na kila dozi inapobadilishwa, mtu anaweza kukosa utulivu wa ndani na mawazo yakawa meusi zaidi kabla ya kupata nafuu. Mawazo ya kufa yakija, mwambie mume wako siku hiyo hiyo na mrudi hospitali, usiyaonee aibu. Amitriptilini ni hatari sana ikizidishwa, kwa hiyo chukua ya wiki mbili tu kwa wakati mmoja, akutunzie yeye, mbali na watoto.

Ukiambiwa uache fluoksetini, andika tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye kalenda na uhesabu wiki tano mbele. Hadi siku hiyo ini lako linaweza kuwa bado limezuiwa, hata kama hukumbuki ladha ya kidonge. Yeyote atakayekuandikia dawa ndani ya wiki hizo, hata daktari wa meno, mwoneshe tarehe hiyo kabla hajaandika. Tramadoli zilizobaki usimrudishie mdogo wako. Zipeleke famasia waziharibu.